Mume wangu halewi, ila asubuhi anatetemeka

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu anakunywa kila siku, lakini kumwona amelewa ni nadra. Kazini hakosi, ada ya watoto analipa, hajawahi kuniinulia mkono. Ila asubuhi mikono inamtetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Akitoka nje kidogo akarudi, yuko sawa. Juzi nimekuta chupa ndani ya buti lake la mvua. Anasema yeye si mlevi, akitaka anaacha, na kweli mwaka jana aliacha wiki tatu. Mama mkwe ananiambia nimshukuru Mungu. Nimepanga Ijumaa jioni nimwage zote, nifunge geti, asitoke mpaka Jumatatu. Nakosea? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Naanza na hiyo Ijumaa, maana hapo ndipo moyo ulinishtuka: tafadhali usimwage, wala usimfungie. Sababu nitakupa.

Wewe na mama mkwe mnatafuta dalili kwa mtu anayepepesuka na kutukana watu njiani. Hiyo ni dalili ya kulewa. Uraibu una dalili nyingine, na wewe umeshaziona zote mbili kubwa bila kuzijua majina. Anakunywa kila siku na pombe haimshiki: mwili wake umeizoea, kiasi ambacho kingemlaza mwingine yeye kinamwacha amekaa anazungumza. Watu humsifu mtu wa namna hiyo. Mimi huniogopesha. Halafu kile kikombe. Mikono inatetemeka, anatoka nje, anazimua, anarudi ametulia. Hapo hanywi kwa starehe tena, mwanangu. Anakunywa ili awe kama watu wengine.

Buti nalo linasema. Hafichi chupa mtu ambaye moyo wake hauna shaka.

Kuhusu zile wiki tatu, sidhani alikudanganya. Waraibu wengi wameacha, tena mara nyingi. Muulize alirudi vipi, na kama sasa anakunywa zaidi ya alivyokuwa akinywa kabla ya kuacha.

Yako maswali manne ambayo daktari John Ewing aliyachapisha mwaka 1984, na hadi leo yanatumika. Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze? Watu wakikusema kuhusu pombe, unaudhika? Umewahi kujilaumu kwa unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi mapema ili utulie au uondoe uchovu wa jana? Ndiyo mbili zinatosha kumpeleka mtu akapimwe vizuri. Ni maswali ya kujibiwa na yeye mwenyewe, lakini la mwisho tayari unalijua jibu lake.

Sasa Ijumaa. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo uliozoea pombe kila siku hujifunza kusukuma kinyume chake. Ni kama mtu anayesukuma mlango uliozuiwa upande wa pili: anayezuia akiachia ghafla, msukumaji anaingia kwa kishindo. Kutetemeka na jasho huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48. Siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka, wakaona wadudu na watu wasiokuwepo, na hali hiyo huua. Hesabu mwenyewe: ni Jumamosi na Jumapili, geti limefungwa, uko na watoto wawili. Mjomba wangu alinyang'anywa pombe kwa nia njema kabisa, na siku ya pili tukambeba akiwa ameuma ulimi. Alipona, lakini sijausahau mlio ule wa kichwa kikigonga sakafu.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari, na mpeleke kwa ajili ya mikono. Neno "mlevi" liache kabisa. Mwambie, "Baba, naona unavyoshika kikombe, naogopa, twende tukapime." Mwanamume anayekataa kuitwa mlevi anaweza kukubali kwamba mikono inamsumbua. Huko aseme ukweli: anakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Hospitalini humpunguzia makali kwa dawa kama diazepam na kumpa vitamini B1, wakimwangalia. Usimnunulie dawa hizo dukani. Zikichanganyika na pombe zinaweza kumkata pumzi. Na kama kwa sababu yoyote atakosa pombe, akaanza degedege au kuongea yasiyoeleweka, usingoje kukuche.

Wewe nawe tafuta pa kupumulia. Familia za wanywaji zina vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951, na huhitaji yeye akubali ndipo uende.

Chupa ya kwenye buti iache palepale mpaka mtoke kwa daktari.