Mama katolewa kizazi, tuchange pesa za kipimo cha jeni?

SWALI: Asalaam alaykum dokta. Mama ana miaka 61, hedhi ilishakoma zamani, mara akaanza kutoka damu. Kapimwa, ikaonekana saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, na kizazi kishatolewa. Kaka alioko Oman anasema kuna kipimo cha jeni kinachoonesha kama itarudi, tuchange. Kweli? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, mpe pole sana mama. Vizuri hamkuidharau ile damu, maana damu baada ya hedhi kukoma si ya kuisubiri hata kidogo.

Anachosema kaka kipo. Watafiti wanaangalia jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu ndani ya uvimbe na zipi zimelala, wanabashiria hapo, na orodha za jeni hizo zimeshatolewa nyingi tu ila nyingi hazijaingia kwenye matibabu ya kawaida, kwa hiyo pesa ya karafuu msiimalizie huko kwanza.

Kilichokwishathibiti ni hiki. Mwaka 2013 mradi wa TCGA wa Marekani, unaochunguza jeni za saratani, uliigawa saratani hii makundi manne. Yenye hitilafu kwenye jeni ya POLE hata ikionekana kali kwenye hadubini hurudi kwa nadra sana, yenye p53 (protini inayozuia seli kukua ovyo) iliyoharibika ndo korofi, mara nyingi huongezewa kemo, yaani dawa za saratani, juu ya mionzi, na mbili zilobaki ziko katikati, moja wapo ni ile iliyopoteza protini za kurekebisha DNA. Tangu 2023 FIGO, shirikisho la madaktari wa uzazi duniani, limeyaingiza makundi haya kwenye hatua za ugonjwa.

Sasa sikiliza, kinyama cha mama hakijatupwa, kinahifadhiwa maabara ndani ya kipande cha nta, hukatwa utando mwembamba mno ukatiwa dawa ya rangi, protini ya p53 ikaonekana ilivyo, na zile nne za kurekebisha DNA (MLH1, PMS2, MSH2, MSH6) kama zipo au zimepotea. Bei yake ni ndogo kuliko kusoma jeni nyingi. POLE ndo inahitaji jeni yenyewe isomwe. Muulize daktari wenu: "p53 na hizi nne zimeangaliwa?" Kama hazijaangaliwa, ombeni kipande hicho kipelekwe maabara inayofanya.

Na ikiwa mojawapo ya nne imepotea, uliza tena kama ni ya kurithi, si zote za kurithi lakini zikiwa ndo hivyo wewe na ndugu zako mnahusika, wanaume pia, kwa saratani ya utumbo mpana. Mweleze daktari kama upande wa mama kuna mama mkubwa, mama mdogo au mjomba aliyepata saratani.

Tarehe ya mionzi ya mama, akipangiwa, isipite kwa kungojea majibu ya nje.