Maswali ya Wasomaji: Je, Timu Inaweza Kushinda 550 kwa 0?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha jedwali linalosema kwamba mwaka 1901 timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ilicheza michezo 11, ikashinda yote kwa jumla ya 550 kwa 0, na kwamba mmojawapo uliisha 128 kwa 0. Darasa lilicheka, nami nikasema kuwa bila shaka mchapaji alikosea. Je, nilikuwa sahihi? Na kama hesabu hiyo ni ya kweli, timu hiyo ndiyo iliyokuwa bingwa wa Marekani?

Mwalimu, Kongwa

JIBU: Ndugu Mwalimu, mchapaji hana kosa, na itakubidi urudi darasani ukakiri. Lakini wanafunzi wako nao walicheka kwa sababu walidhani wanasoma habari za mpira huu tunaoutazama katika Uwanja wa Jamhuri hapo Dodoma mjini, kumbe jedwali lao lilihusu mpira wa Kimarekani, ambao wachezaji huubeba mpira mikononi na kusukumana kwa miili, na ambao hauhesabu mabao bali pointi.

Mwaka ule, mchezaji aliyeufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani aliipatia timu yake pointi 5, na mkwaju uliopigwa baada ya hapo, ukipita juu ya mwamba kati ya milingoti miwili, uliongeza pointi 1. Mkwaju wa namna hiyo uliopigwa wakati mchezo ukiendelea ulikuwa na thamani ya pointi 5. Chukua mchezo wao wa mwisho, waliowafunga Chuo Kikuu cha Stanford 49 kwa 0: walivuka mstari mara 8, wakapata pointi 40, mikwaju 4 ya nyongeza ikaleta pointi 4, na mkwaju mmoja wa katikati ya mchezo ukakamilisha 5 zilizobaki. Neil Snow peke yake alivuka mstari mara 5. Ukiwaandikia wanafunzi hesabu hii ubaoni, naamini kicheko kitapungua, ingawa hakitakwisha, maana 128 dhidi ya timu ya Buffalo ni kipigo kwa kanuni za mchezo wowote.

Kipigo hicho kilitokana hasa na kocha. Fielding Yost alikuwa amefika Michigan mwaka huohuo, na aliwafundisha vijana wake kupanga safu na kuanza hatua inayofuata kabla wapinzani hawajainuka vizuri kutoka chini. Kumbuka kwamba pasi ya kurusha mpira mbele ilikuwa bado imekatazwa na haikuruhusiwa hadi mwaka 1906, kwa hiyo timu ilisonga kwa kubeba na kusukuma, yadi kwa yadi, ikitakiwa kupata yadi 5 katika majaribio 3. Katika mchezo wa namna hiyo, timu yenye pumzi na haraka humchosha mwenzake mapema, na aliyekwisha kuchoka hufungwa mfululizo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, 128 si matokeo makubwa kuliko yote ya msimu ule. Nayaheshimu zaidi yale madogo, 22 kwa 0 dhidi ya Chicago na 21 kwa 0 dhidi ya Ohio State, kwa kuwa hapo wapinzani walikuwa na uwezo wa kujibu, wakashindwa kupata hata pointi moja.

Mchezo dhidi ya Stanford ulifanyika Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1902, katika sherehe za Tamasha la Waridi, na leo unahesabiwa kuwa Rose Bowl ya kwanza, yaani ule mchezo mashuhuri wa mpira wa vyuo vikuu unaofanyika Pasadena wakati wa tamasha hilo. Vijana wa Michigan walivuka karibu nchi nzima kwa treni kuufuata (wakati huo reli yetu ya kati ilikuwa haijaanza hata kujengwa). Yost alikuwa na lake moyoni pia, kwani msimu uliotangulia ndiye aliyekuwa kocha wa Stanford. Zikiwa zimebaki dakika 8, nahodha wa Stanford aliomba mchezo usimamishwe, na ukasimamishwa.

Kuhusu ubingwa, jibu langu ni fupi: hapakuwa na ligi ya taifa wala fainali ya kumpata bingwa mmoja. Timu ya Harvard, huko mashariki, nayo ilishinda michezo yake yote 12 msimu huohuo, na haikukutana na Michigan. Hivyo wapo wanaoutaja ubingwa wa 1901 kuwa wa Michigan na wapo wanaoupeleka Harvard, na hakuna awezaye kumwita mwenzake mwongo.

Wenye tamasha, kwa upande wao, hawakufurahia mchezo uliokwisha kabla ya wakati wake. Mwaka uliofuata hawakuandaa mpira, baadaye wakaleta mashindano ya magari ya kukokotwa na farasi, na mpira haukurudi Pasadena hadi mwaka 1916.