Maziwa yaliyokamuliwa na mashine ya kupashia chupa

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba, na mwanangu ana miezi mitano. Kila asubuhi namkamulia maziwa kabla ya kwenda ghalani. Ndugu yangu aliyeko Marekani amenitumia mashine ya umeme ya kupashia chupa, nami nikanunua adapta ili plagi yake iingie kwenye soketi zetu. Binti anayemlea mtoto huiwasha saa mbili asubuhi na kuiacha na chupa ndani mpaka saa sita, ili mtoto akilia asisubiri. Mara mbili sasa maziwa yamechacha. Je, maziwa yangu yana kasoro? Na mtoto akianza kula, nitaweza kupashia uji humo?

JIBU: Mama, kabla sijafika kwenye maziwa, naomba uichomoe mashine hiyo, uigeuze na kusoma maandishi yaliyo chini yake. Ikiwa imeandikwa volti 220 hadi 240, au 100 hadi 240, inafaa kwa umeme wetu wa volti 230. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, kama zilivyo mashine nyingi za Marekani, usiirudishe ukutani, kwa sababu adapta uliyonunua hubadilisha umbo la plagi tu na haipunguzi umeme hata kidogo. Kikanza kilichotengenezwa kwa volti 120 kikipewa 230 huzalisha joto linalokaribia mara nne ya kile kilichokusudiwa, na hata kama hakijaungua mpaka leo, hiyo si sababu ya kumwachia binti na mtoto ndani ya nyumba. Ingehitaji transfoma inayomudu wati za mashine hiyo, lakini kwa maoni yangu ni heri ununue nyingine ya volti 230, au utumie bakuli la maji ya moto, ambalo hufanya kazi ile ile.

Sasa maziwa. Kwa namna ulivyoeleza, sioni kasoro katika maziwa yako. Yanaharibika kwa kukaa kwenye uvuguvugu muda mrefu. Mashine hii imekusudiwa kuyatoa maziwa kwenye ubaridi wa friji na kuyafikisha karibu na joto la mwili, yaani nyuzijoto 37, kisha mtoto anyonye. Joto hilo analolifurahia mtoto ndilo ambalo bakteria wengi huzaliana nalo kwa kasi kubwa, kwa hiyo kuyaweka humo saa nne ni sawa na kuwaatamia bakteria kama kuku anavyoatamia mayai. Maziwa yaliyokwisha kupashwa yatumike ndani ya saa mbili, na yanayobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunyonya yasirudishwe friji wala kupashwa tena. Najua inauma kuyamwaga, maana najua yalivyokamuliwa, lakini kuharisha kwa mtoto wa miezi mitano si jambo la kujaribia.

Ukishakamua, yaweke friji moja kwa moja, ambako hukaa hadi siku 4. Utasikia pia kwamba yanaweza kukaa mezani saa 4. Hiyo ni kwa chumba kisichozidi nyuzijoto 25, na huku kwetu msimu wa korosho ndio msimu wa joto, hivyo usiitegemee. Umeme ukikatika, kasha la kutunzia ubaridi lenye barafu ya kutosha litayahifadhi hadi saa 24. Yakitoka friji utaona tabaka la mafuta limeelea juu: huko si kuharibika, zungusha chupa polepole mpaka lichanganyike. Hata harufu inayofanana na sabuni huletwa na kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa yenyewe na haina madhara. Uchachu ndio wa kumwaga.

Mwelekeze binti asubiri mtoto aanze kunyonya vidole au kugeuza kichwa akitafuta titi, ndipo apashe, kwa dakika chache tu, na adondoshe tone kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake. Likiwa sawa, halitamchoma wala kumpoza. Maji yaliyobaki ndani ya mashine yamwagwe kila siku na ikaushwe.

Kuhusu uji, subiri mtoto atimize miezi 6, na hapo nakushauri mashine uiweke kando kabisa. Uji wa lishe ni mzito, hivyo hupata moto pembeni ukaunguza midomo huku katikati ungali baridi. Tena uji uliolala huhitaji kuchemka upya, jambo ambalo kipashio cha chupa hakiwezi. Uchemshe kwenye sufuria huku ukikoroga mpaka utokote, uupoze, kisha umlishe kwa kikombe na kijiko, ambavyo husafishika kwa urahisi kuliko chupa na chuchu yake.