Muulize Fundi: Gasketi ya hedi kwa mara ya kwanza, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni msomaji wako wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina Spacio new model injini 1NZ, ndo gari ya nyumbani, shule ya watoto, sokoni, kanisani, kila kitu. Mwezi uliopita tunatoka Babati, pale vilima vya Kolo kabla hujaingia Kondoa ikachemsha, tukapaki, tukaongeza maji, tukafika. Tangu hapo inakula maji na chini haivuji, asubuhi ikiwaka inatetemeka kidogo na kutoa moshi mweupe. Fundi mmoja kaniambia gasketi ya hedi imeungua. Nimeshabadili breki na pampu ya maji mwenyewe, nataka na hii nifanye mwenyewe. Nitaweza? Na themostati nimeambiwa niitoe nitupe, ni sawa?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole na safari. Kuweza utaweza, mtu aliyebadili pampu ya maji ya 1NZ akamaliza bila kuvuja ana mkono wa kazi. Ila usifungue bolti hata moja kabla hujajua vitu viwili: kwanza kama kweli ni gasketi (ile bamba nyembamba inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ya chini), pili gari ilichemsha kwa nini. Hilo la pili ndo watu wengi wanaliruka, wanaweka gasketi mpya nzuri kabisa afu baada ya wiki chache imeungua tena kwasababu feni haiwaki au rejeta imeziba, na lawama zote wanaipa gasketi.

Kuhakikisha, subiri asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka juu, washa uangalie. Mapovu yakitoka mfululizo hayaishi na maji yanasukumwa nje, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Shika na paipu ya juu ya rejeta, ikikakamaa ndani ya dakika moja mbili toka uwashe, kabla injini haijapata moto, jibu ni lilelile. Afu tafuta mwenye geji ya kompresheni (kipimo cha presha ndani ya silinda), silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja basi gasketi imekatika katikati yao. Kwenye oili angalia kijiti cha kupimia, usiangalie mfuniko peke yake, maana mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi za huku kwetu ni baridi na gari ya safari fupi inaweka ukungu mweupe chini ya mfuniko hata kama haina tatizo. Kijitini ukikuta imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, hiyo usiiwashe tena.

Themostati, ile valvu ya joto kwenye njia ya maji ya injini, usitupe, nakuomba sana. Inafunga ili injini ipate moto haraka na inafungua kwenye nyuzi 80 na kitu ili maji yazunguke, ukiitoa injini inakaa baridi, inakula mafuta, na lile tatizo lililochemsha gari linabaki palepale limejificha tu. Ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, chemsha, iangalie. Hapa Dodoma tuko juu ya bahari zaidi ya mita 1,000 kwahiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, bado ni zaidi ya kutosha kuifungua. Isipofunguka nunua mpya, na mfuniko wa rejeta nao badili, huo ndo unashika presha inayozuia maji yasichemke mapema.

Sasa kazi yenyewe. 1NZ ni ya cheni, ndo inayozungusha kamshafti (shafti za juu zinazofungua valvu), kwahiyo kava la mbele litoke, na hapo ndo siku nzima inaishia. Piga picha za alama za taimingi (zile za kulinganisha cheni na gia zake) na simu kabla hujagusa kitu, nyaya na paipu zibandikie karatasi zenye namba. Kamshafti zikitoka, zile kofia za valvu kila moja irudi kwenye shimo lake, zipange kwenye treya ya mayai uandike namba maana zina unene tofauti. Bolti za hedi ziko 10 na zinataka biti ya pembe 12, ukilazimisha ya pembe sita utaziharibu. Fungua injini ikiwa baridi, kidogo kidogo kwa awamu, kuanzia za pembeni kwenda katikati, ukifungua ovyo hedi ya alumini inapinda mikononi mwako.

Hedi ikishatoka usiirudishe hivihivi. Weka rula ya chuma iliyonyooka kabisa juu yake, urefu, upana na kona kwa kona, ujaribu kupitisha kibati cha fila gechi cha milimita 0.05 chini ya rula. Kikipita, hedi imepinda, ipeleke kwa wenye mashine waisawazishe na waipime presha kama ina ufa. Kwa gari iliyochemsha milimani na familia ndani mi ningeipeleka hata kama rula imekubali, hiyo hela usiionee uchungu. Na rula hiyohiyo ipitishe pia juu ya bloku.

Usafi ndo kazi kubwa kuliko kufunga, aisee hapa nasisitiza. Usipige grainda wala diski ya msasa juu ya bloku, ule unga wake unaingia kwenye oili na kumaliza beringi za chini, unajikuta umetengeneza juu umeua chini. Kwangua kwa mkono taratibu na kitu cha plastiki au wembe uliolazwa. Afu matundu ya bolti: ndani yake mara nyingi kuna maji na oili vimetuama, ukifunga bolti juu yake kimiminika hakina pa kwenda, inakupa ugumu wa uongo au inapasua bloku kabisa. Yakaushe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, malizia kwa upepo wa kompresa huku umevaa miwani.

Gasketi inakaa kavu, bila silikoni hata kidogo (silikoni ni ya kava la mbele tu na yale maungio kitabu cha ufundi cha gari kinapoonyesha), maandishi ya Lot No. yatazame juu. Bolti nunua mpya, zinavutika zikishafungwa. Pakaa oili kidogo kwenye meno ya bolti na chini ya kichwa chake, funga kuanzia katikati kwenda pembeni kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm), Nm 29 zote. Afu weka doa la rangi ya kucha mbele ya kila kichwa, zungusha zote nyuzi 90 (robo mzunguko) kwa mpangilio uleule, kisha nyuzi 90 nyingine, mwisho madoa yote yanatazama nyuma. Namba hizo ni za 1NZ, mwenye injini nyingine asizikopi. Toki renchi kama huna azima, kukisia kwa mkono hapa hakuna. Ukimaliza taiming zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi, ikigota popote simama urudi kwenye alama.

SWALI: Fundi habari, mi nipo Manyoni. Kulanti, ile dawa ya kupozea injini, ni ghali, kwani maji ya bomba yana ubaya gani?

JIBU: Nzuri dada. Chungulia ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndo unaojijenga ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za hedi. Maji ya visima ya ukanda wetu mengi yana chumvi, na bila kulanti alumini inalika kidogo kidogo mpaka pale gasketi inapokaa. Kama unanunua kulanti nzito (ambayo haijachanganywa na maji) changanya nusu kwa nusu na yale maji safi ya kuongezea kwenye betri, hakikisha sio asidi. Ukijaza acha injini iunguruke mfuniko ukiwa wazi na hita ya ndani imewekwa kwenye joto mpaka feni iwake na mapovu yaishe, ongeza yakipungua, funga. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi angalia tena kiwango kabla hujatoka nayo.