Butani ni 58, mbona sisi tumepata 48?

SWALI: Ndugu mhariri, tunafundishwa kwamba moli moja ya gesi yoyote hujaza lita 22.4. Kama ni hivyo, masi ya moli (gramu za moli moja) inahusikaje na ujazo? Tena tulikinga gesi ya kiberiti cha gesi juu ya maji ya nyuzi 27. Kiberiti kilipungua gramu 0.24, gesi ikafika sentimita za ujazo 122. Hesabu ya masi ya moli ikatupa 48, ilhali butani, gesi ya kiberiti hicho, ni 58. Tumekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora

JIBU: Ujazo wa gesi hutegemea idadi ya molekuli, si uzito wake. Kanieneo na jotoridi vikiwa sawa, gramu 2 za haidrojeni na gramu 44 za kaboni dayoksaidi hujaza nafasi ileile, maana kila moja ni moli moja. Molekuli nyepesi hukimbia zaidi, kwa hiyo hazisukumi kuta kwa unyonge. Masi ya moli huingia mnaposhika mizani: V = mRT/PM (V ni ujazo kwa lita, m ni gramu, R ni 8.314, T ni nyuzi jumlisha 273, P ni kanieneo kwa kilopaskali, M ni masi ya moli). Gramu 44 za haidrojeni ni moli 22, basi na ujazo ni mara 22.

Hiyo 22.4 ni ya nyuzi 0 na kilopaskali 101.3, kanieneo cha usawa wa bahari. Tabora iko juu kiasi cha mita 1,200, na kanieneo chake ni takribani 88. Kwa nyuzi 27, moli moja hapo hujaza lita 28 na ushei. Kigoma, kando ya ziwa, kama 27.

Tumerudia hesabu yenu: mlitumia 101.3. Chukueni 88, toeni kanieneo cha mvuke wa maji uliochanganyika na gesi (3.6 kwa nyuzi 27), ibaki 84.4. Kisha:

M = (0.24 × 8.314 × 300) ÷ (84.4 × 0.122) = 58.1

Kanieneo kisomeni kwenye barometa ya maabara. Programu za hali ya hewa kwenye simu kwa kawaida hutoa namba iliyokwisha kurekebishwa kuwa ya usawa wa bahari, nayo itawarudisha karibu na kulekule kwenye 48. Kabla ya kusoma ujazo, sawazisheni maji ya ndani ya silinda na ya nje. Kiberiti nacho kikausheni kabisa kabla ya kukipima tena: tone moja la gramu 0.05 likibaki kwenye gurudumu, jibu hushuka hadi 46. Ila mkipata 56 msihangaike, kwani gesi ya viberiti mara nyingi huwa na propani, ambayo ni 44.