Wiki ya kwanza Mombasa: panga kwa pande, usipange kwa orodha

Wageni wangu wengi kutoka bara hufika na orodha kwenye simu: Fort Jesus, Diani, Haller Park, sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, Mtwapa, na vyote wanavitaka kabla ya Jumatano. Orodha haina ubaya. Shida ni kwamba haionyeshi maji. Mombasa mjini ni kisiwa. Kwenda kaskazini, Nyali na Bamburi, unapita daraja la Nyali. Kwenda kusini, Likoni na Diani, unavuka feri. Kwenda bara unapita Makupa. Ukiweka Diani asubuhi na Bamburi jioni, siku nzima utaimalizia kwenye foleni. Siku moja, upande mmoja: hiyo ndiyo kanuni ninayompa kila anayenipigia simu.

Kwanza chagua mwezi. Aprili na Mei ni masika, na mvua ya Pwani ikiamua kunyesha, barabara nyingine hugeuka mito. Desemba bahari ni tulivu lakini vyumba hupanda bei na tiketi za treni huisha mapema. Januari mpaka Machi joto la kaskazi ni kali. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, kuna ubaridi mzuri, ila bahari huchafuka na mwani hujaa ufuoni. Mimi ningekuja Septemba. Ukija Ramadhani, jua kwamba mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale imefungwa, lakini magharibi ikiingia utakula kuliko mwezi wowote mwingine.

Treni ya SGR ni raha, lakini angalia saa ya kufika. Ile ya usiku kutoka Nairobi hukushusha kituo cha Miritini alfajiri haijaingia, na Miritini si mjini. Panga usafiri wa kukutoa pale mapema, na umwambie mwenye nyumba ya wageni utafika saa ngapi, usije ukalala juu ya begi lako mlangoni.

Kulala, usihamehame. Siku mbili tatu za kwanza kaa kisiwani au Nyali, uujue mji. Ukiitaka Diani, nenda ukalale huko siku mbili. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo na gari dogo ni adhabu. Kwa miguu feri ya Likoni ni bure na watu hupanda haraka. Magari ndiyo hulipa na ndiyo hupanga foleni. Asubuhi umati unaingia kisiwani, jioni unarudi Likoni, kwa hiyo wewe nenda kinyume chao. Ukishavuka, matatu za Ukunda, mji wa jirani na Diani, zipo palepale.

Kisiwa kipe siku mbili. Fort Jesus ingia asubuhi, ikifunguliwa tu, kabla jua halijapanda kwenye yale mawe ya matumbawe. Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kwa hiyo usipite mbio ukipiga picha za mizinga tu. Tafuta michoro ya meli ambayo mabaharia Wareno waliichora ukutani. Mimi huwa nasimama hapo kuliko mahali pengine popote. Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu. Vaa nguo ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala, hivyo usiipange siku hiyo kwa kununua vitu.

Saa sita mpaka saa tisa, pumzika. Nasema kweli. Wenyeji wenyewe hujificha kivulini, na mgeni anayezunguka saa nane mchana huishia na kichwa kinachomgonga mpaka usiku.

Jioni nenda Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, meli zikipita kwenye mkondo karibu utadhani utazigusa. Nunua muhogo wa kuchoma: muuzaji anaupasua katikati, anapaka pilipili na chumvi, kisha anakamulia ndimu. Mwambie "pilipili kidogo" ikiwa hujazoea, kwa sababu kidogo chake si kidogo chako. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mgeni anayekula mkate na mayai hotelini wiki nzima, mimi namhesabu hajafika.

Sasa bahari, jambo ambalo wengi hawalipangi kabisa. Maji ya huku hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa husogea mbele kila kukicha. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: asubuhi, saa nne saa tano hivi, maji yanakimbia mpaka mwambani, na Bamburi hutapata pa kuogelea. Siku hizo asubuhi vaa viatu utembee na kutazama viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, uogelee alasiri maji yakijaa. Muulize mvuvi yeyote, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Siku ya Bamburi unganisha na Haller Park, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kupandwa miti, twiga hulishwa alasiri na watoto hawatataka kuondoka.

Tuktuk hazina mita, basi elewana bei kabla ya kukaa. Weka noti ndogondogo na M-Pesa yenye salio.

Siku ya mwisho usivuke maji yoyote. Pita soko la Marikiti ununue mabuyu, achari na viungo vya pilau, kisha ondoka kwenda Miritini mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu mabegi hukaguliwa kabla ya kuingia. Kitambulisho kiwe mkononi, kisiwe ndani ya begi chini ya mabuyu.