Wasomaji Wanauliza: Maziwa Baada ya Kupulizia Mikorosho

SWALI: Mhariri, mimi ni kibarua wa kupulizia mikorosho. Msimu ukifika hubeba mashine mgongoni tangu alfajiri, na nikimaliza macho huniwasha na kifua hubana. Mwenye shamba hunipa kitambaa cha kufunga puani, na baada ya kazi hunipa maziwa ya kuondoa sumu. Je, vinatosha?
Mpuliziaji, Newala

JIBU: Ndugu yetu, havitoshi, na kati ya hivyo viwili maziwa ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi, kwa kuwa humfanya mtu ajione amekingwa ilhali hakukingwa. Maziwa hayawezi kuiondoa dawa iliyokwisha kufika mapafuni au kupenya kwenye ngozi. Yanywe kama chakula, tena baada ya kuoga na kubadili nguo.

Hukututajia dawa unayotumia. Ikiwa ni salfa ya unga ya kuzuia ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, dalili ulizozieleza zinafanana na athari zake, kwani huwasha macho na koo na huweza kuamsha pumu. Hupulizwa alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande huunasisha unga kwenye majani na maua. Lakini utulivu huohuo hulifanya vumbi limzunguke mpuliziaji, na kitambaa hakilizuii. Unahitaji barakoa yenye chujio la vumbi inayobana vizuri usoni, pamoja na miwani iliyozibwa pembeni. Sigara isikaribie kabisa, maana salfa hushika moto.

Dawa za maji za kuua wadudu zina hatari ya namna nyingine. Zile za jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi, huvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu, na aliyedhurika huweza kutokwa jasho na mate kwa wingi, kutapika, mboni zake zikasinyaa na misuli ikatetemeka. Dawa hizi hupenya sana kupitia ngozi, na kwa wepesi zaidi kwenye kinena na utosini kuliko viganjani, kwa hiyo shati lililolowa dawa livuliwe papo hapo. Kwa kuwa mpuliziaji wa mikorosho huelekeza mkono juu, matone huteremka kuelekea kwenye kiwiko. Mikono ya ovaroli basi iingie ndani ya glavu za mpira, ilhali suruali ishuke nje ya buti. Tunajua mavazi hayo hulemea jua likipanda, na hiyo ni sababu nyingine ya kumaliza kazi mapema.

Kuhusu gharama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa kinga. Zungumza naye kabla ya kuwasha mashine tena.

Kifua kinachobana kila baada ya kazi kinahitaji kupimwa sasa. Nenda kituo cha afya ukiwa na jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kuwa matibabu ya oganofosfeti si yale ya salfa.